Naomba ushauri: kuvalisha lining mpya pleti ya klachi ya Land Rover 109

Wakuu, klachi inateleza. Mlimani, gia ya nne, injini inanguruma ila mwendo hauongezeki. Gia boksi tayari ipo chini. Lining (tabaka la msuguano juu ya pleti) imebaki kama milimita 0.3 juu ya vichwa vya ribiti (pini zinazoishikilia), lakini springi za katikati hazichezi na meno ya kitovu ni mazima. Kununua pleti mpya naona hasara.

Fundi mmoja anataka kutoboa ribiti kuukuu na kugonga lining mpya kwa ribiti za shaba. Mwingine anasema gundi inatosha. Kwa joto la klachi, mimi siiamini.

Presha pleti (bamba linalobana pleti ya klachi) ina madoa ya bluu ya joto. Je, ikikerezwa kidogo itafaa, au daiframu (springi yake ya kubana) imeshalegea? Sili ya nyuma ya krenki inavuja, hiyo nabadilisha kwanza. Oili ikigusa lining mpya, kazi bure.