Mdogo wangu anataka urubani wa ndege za kivita, naogopa droni zitamnyima kazi. Naombeni ushauri

Dada Mkubwa:
Wakuu habari zenu. Nina mdogo wangu kamaliza shule, fizikia na hesabu kafaulu vizuri, na tangu utotoni wimbo wake ni mmoja: rubani wa ndege za kivita. Na jeshi sina ugomvi. Ila kila nikifungua habari za vita ni droni tu. Kifaru droni, ghala la mafuta droni, meli droni. Asije akasota miaka kusomea kazi ambayo akimaliza anaikuta inafanywa na mashine. Nimwache, au nimgeuzie kwenye elektroniki? Yeye hataki kusikia habari za "kukaa chumbani na rimoti". Matusi hapana, nahitaji wenye uelewa.

Kipanga:
Dada, mgeuze mapema. Mwaka 2020 Azerbaijan na Armenia walipogombea jimbo la Nagorno-Karabakh, vita iliisha kwa siku 44, na droni za Kituruki za Bayraktar TB2 zikawa zimepukutisha vifaru na mizinga ya Armenia. Juni 1, 2025 Ukraine wakafanya kubwa zaidi: droni 117 kwa hesabu yao, zimefichwa kwenye vibanda vya mbao juu ya malori, ndani kabisa ya Urusi. Mapaa yakafunguka, zikaenda kuchoma ndege za mabomu zikiwa zimeegeshwa, hadi Siberia. Rubani wa nini tena?

Mstaafu:
Kipanga umesimulia nusu. Hizo Bayraktar zilitamba Ukraine mwanzoni mwa 2022, lakini Warusi walipopanga rada na makombora yao sawasawa, zikapotea mstari wa mbele. Ni kubwa, zinakwenda taratibu, zinaonekana. Na yale mabomu ya Urusi yenye mabawa, yanayoelea angani hadi kwenye shabaha na kuisumbua Ukraine, yanadondoshwa na nini? Ndege ya kivita ya Su-34, ndani wamekaa watu wawili. Ndege za kivita za F-16 za Ukraine nazo kutwa zinatungua makombora na droni, na wapo marubani waliofia kazini humo. Kazi ipo, imebadilika sura tu.

Fundi Redio:
Niingie upande wa ufundi. Droni ndogo za FPV, zile unazoongoza kwa kutazama kupitia kamera yake, ni dola mia kadhaa tu. Mwendeshaji yuko handakini, miwani ya video usoni, anaona kinachoonwa na kamera. Ikishuka karibu na shabaha, miti na vilima vinakata mawimbi, picha inajaa chenga, sekunde za mwisho anakwenda kwa kukisia. Adui naye anamwaga kelele kwenye masafa hayo hayo na droni inapotea njia. Ndipo kuanzia 2024 zikazagaa droni za kuburuta uzi wa fiba: bobini inafungwa tumboni, uzi unafunguka kilomita 10 na zaidi, hakuna mawimbi ya kuvuruga. Dawa yake? Nyavu. Kuna barabara za kwenda mstari wa mbele zimefunikwa nyavu juu na pembeni, utadhani wamejenga banda la kuku refu.

Hesabu ya pesa ndiyo inawaumiza wakubwa. Shahed, droni ya Kiirani ambayo Urusi inairusha Ukraine, ni makumi ya maelfu ya dola. Kombora moja la Patriot, la Kimarekani la kutungulia, linapita dola milioni 3. Huwezi kushinda kwa hesabu hiyo, ndiyo maana sasa zinatunguliwa na bunduki za rasharasha juu ya pikapu, au droni nyingine za kuzifukuza.

Na mwambie kijana: huyo wa rimoti hayuko salama. Antena inamtoa mafichoni, ndiyo maana wanaiweka mbali na handaki.

Dada Mkubwa:
Hiyo ya mwisho nimemsomea, kanuna. Mstaafu, yeye ungemshauri nini?

Mstaafu:
Macho kwanza. Apimwe kabla hamjapanga lolote, wengi wanakwama hapo. Kisha asome uhandisi wa elektroniki au wa anga, maana hauzibi njia ya urubani, na akikosa nafasi anabaki na kazi mkononi. Marekani mwaka 2025 wameanza kurusha ndege za majaribio zisizo na rubani, za kuruka sambamba na ndege yenye rubani na kupokea amri zake. Rubani asiyejua zinavyofikiri atakuwa abiria.

Mpitanjia:
Mnaongelea ajira tu. Waliokuwa wakiendesha Predator, droni za Marekani, juu ya Afghanistan wengi walikuwa wamekaa Nevada, huko huko Marekani, zamu ikiisha wanaendesha gari kurudi kwa familia. Baadhi yao walijitokeza hadharani kueleza walivyoumia. Rubani wa jeti anadondosha bomu na kuondoka. Kamera ya droni inabaki pale pale, unatazama nani kakimbia na nani hajainuka. Dada, umeshamuuliza hilo?

Kipanga:
Hapa sina neno.

Dada Mkubwa:
Sijamuuliza, na nitamuuliza. Macho tunakwenda kupima wiki hii, fomu za uhandisi atajaza hata kama kanuna. Fundi, wakati anasubiri chuo aanzie wapi?

Fundi Redio:
Ashike lehemu. Aunde kipokezi kidogo cha redio mpaka kiseme, halafu ajifunze lugha ya kompyuta ya C. Droni aache kwanza, na akiipata asiirushe bila kujua sheria za hapo mlipo. Akikwama kwenye saketi alete picha humu.