Obama, Trinity na tumaini la Kikristo

Swali: Wakuu, Obama aliiacha Trinity United Church of Christ ya Chicago kwa siasa tu, au alitofautiana na mchungaji wake wa hapo, Jeremiah Wright, kuhusu tumaini?

Jibu 1: Alijitoa Mei 2008, baada ya hotuba yake ya Philadelphia kuhusu ubaguzi wa rangi, Machi 18, kushindwa kuzima moto uliowashwa na mahubiri ya Wright ya kuilaani Marekani. Tofauti ilikuwepo hata hivyo. Wright hufuata teolojia ya ukombozi ya mwanateolojia Mmarekani Mweusi James Cone: Mungu yuko upande wa wanaokandamizwa, kwa hiyo tumaini huanza kwa kuitaja waziwazi dhambi ya taifa. Obama alisisitiza taifa linaloweza kubadilika.

Jibu 2: Lakini ufufuo mmeuweka wapi? Tumaini la Kikristo hutazama yajayo, si taifa la sasa. Warumi 8:24: kinachoonekana hakitarajiwi tena.

Jibu 3: Rudi aya mbili nyuma, mkuu, Warumi 8:22. Viumbe vyote vinaugua *sasa*. Kungoja mbinguni pekee hakutoshi.