Naomba ushauri: jeli ya kung'arisha meno ikae muda gani?

Binti wa Meru
Habari za jioni wanajamvi. Nimekulia Maji ya Chai, na meno yangu yana ile kahawia tunayoijua huku. Sendofu ni wiki tano zijazo. Daktari wa meno hapa Arusha anasema atapaka jeli dakika 15, aifute, arudie mara tatu. Rafiki yangu wa Moshi alikaa nayo dakika 40 mfululizo, akatoka na meno meupe pee. Nikiomba iachwe saa nzima, si yatang'aa zaidi? Tangu shule ya msingi naziba mdomo kwenye picha.

Tabibu Kinywa
Pole mdogo wangu. Jeli za kliniki ni haidrojeni peroksaidi, mara nyingi asilimia 25 hadi 40. Kuna inayobadilishwa kila dakika 15, kuna inayokaa dakika 40 mara moja, na mwisho wa siku weupe haupishani sana. Rafiki yako hakupendelewa. Ukipitiliza muda wa jeli husika, kinachoongezeka zaidi ni ganzi ya meno, yaani vichomi, maana dawa inapenya hadi kwenye kiini cha jino. Tena weupe wa siku ileile kwa sehemu ni ukavu: mdomo umekaa wazi, jino limekosa mate. Rangi halisi iangalie baada ya wiki mbili.

Ila kahawia yako ni ya floraidi, madini yaliyo kwenye maji ya huko, iliingia wakati jino linajengeka utotoni. Jeli peke yake inaweza isiitoe, na madoa meupe huonekana zaidi siku za mwanzo. Muulize daktari kuhusu kusugua tabaka jembamba la juu kwanza, jeli ifuate.

Mama Pacha
Mimi zilikuwa hizo 15 mara tatu, na usiku sikulala kwa vichomi. Kesho yake nikawa sawa. Mwambie kama una jino lililozibwa, ile dawa ya kuzibia haibadiliki rangi.

Binti wa Meru
Nina la mbele lililozibwa! Asanteni, naenda kumuuliza kabla ya kulipia. Na mdogo wangu wa miaka mitatu bado anakunywa maji ya kisima kilekile.

Tabibu Kinywa
Huyo ndiye wa kuwahi, meno yake ya ukubwani yanajengeka sasa. Ulizeni kituo cha Ngurdoto, kile cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji, kuhusu chujio la mkaa wa mifupa. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Na magadi kwenye chakula chake, acheni, nayo yana floraidi.