Mwaka wa nne udaktari, nipo likizo Tanga, nataka upasuaji. Nianzie wapi?

BintiChumbageni
Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu. Namaliza mwaka wa nne wa udaktari. Nina wiki sita nyumbani Tanga na nataka kuzitumia hospitali ya Bombo, nijue kama upasuaji unanifaa kweli au nimependa mavazi ya thieta tu. Niingieje thieta bila kuwa mzigo kwa watu? Mikono niizoezeje nyumbani bila vifaa vya bei? Na baada ya intani njia ya ubingwa ikoje? Halafu kuna wanaosema kazi hii inataka nguvu za kiume. Naomba majibu ya wanaoijua kazi.

Mzee_wa_Raundi
Marahaba binti. Kwanza barua ya utambulisho kutoka chuoni, iandikwe kwa Mganga Mfawidhi, itaje idara na tarehe za kuanza na kumaliza. Barua isiyotaja idara huzunguka maofisini wiki nzima.

Pili, chanjo ya homa ya ini B. Ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Kama hujaanza, anza kabla hujagusa sindano. Ukichomwa na sindano iliyomgusa mgonjwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, toa taarifa hapo hapo. Dawa za kinga ya VVU zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo, isipite saa 72, na humezwa siku 28. Wanafunzi hunyamaza kwa kuona haya, na saa ndizo zinazokwenda.

Tatu, na hili ndilo kubwa: usihesabu operesheni ulizotazama. Kwa kila siku ya orodha, yaani siku ya operesheni zilizopangwa, shika mgonjwa mmoja. Mfuate wodini jana yake, chukua maelezo yake, mpime mwenyewe, angalia wingi wa damu, sikiliza anavyoelezwa kabla ya kutia saini idhini. Ingia naye thieta. Kesho yake uwe wa kwanza kumuuliza maumivu, mkojo, na kama ametoa upepo. Baki naye hadi nyuzi zitoke: usoni siku 5 hivi, kichwani 7 hadi 10, miguuni 10 hadi 14. Mwisho wa wiki sita utakuwa na wagonjwa wachache unaowajua ndani nje. Hapo utajijibu mwenyewe, maana asiyependa wodi ya upasuaji hatadumu katika upasuaji, hata awe na mikono ya dhahabu.

NesiWaThieta
Mdogo wangu, kunywa chai na ule kabla ya kuja. Wengi wanaozirai ni wale waliokuja na njaa, wakasimama magoti yamekazwa, barakoa imebana, joto la Tanga unalijua. Ukisikia masikio yanawaka na macho yanafifia, sema, rudi nyuma na ukae chini sakafuni. Usivumilie. Ukianguka kuelekea mezani umeharibu eneo lote la steraili (lisilo na vijidudu) na mgonjwa ameshafunguliwa.

Jitambulishe kwa nesi wa thieta kabla ya kujitambulisha kwa bingwa, na mwambie namba ya glovu zako. Ukinawa, vidole viwe juu kuliko viwiko muda wote ili maji yateremkie viwikoni. Ukishavaa gauni, steraili ni mbele tu, kuanzia kifuani hadi usawa wa meza, na mikono hadi juu kidogo ya viwiko. Mgongoni si steraili, kwapani si steraili. Usikunje mikono kwapani, usishushe mikono chini ya meza. Ukigusa pasipo steraili, sema "nimegusa". Glovu zinabadilishwa kwa sekunde chache na hakuna atakayekuchukia kwa hilo.

Orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani ipo tangu 2008: inasomwa kabla ya usingizi, kabla ya kukata ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka. Omba ruhusa uisome kwa sauti. Utalijua jina la mgonjwa, upande unaokatwa, na kama damu ipo tayari. Na simu iache kwenye kabati, picha za wagonjwa hazipigwi.

Fundo_Mbili
Nyumbani: nunua kongoro la mbuzi sokoni Ngamiani, lililonyolewa lakini ngozi ipo. Lioshe, likaushe, lifunge kwenye ubao lisitembee. Uzi wa mazoezi nenda Deep Sea kwa wavuvi, nunua mshipi mwembamba kabisa wa nailoni. Unateleza kama nailoni ya hospitali, kwa hiyo unafundisha vizuri. Muombe nesi nyuzi zilizopita muda. Zilizofunguliwa kwa mgonjwa usichukue. Kumbuka namba za nyuzi: 4-0 ni nyembamba kuliko 2-0.

Sindano ya kushonea ibanwe kwa koleo lake karibu theluthi mbili kutoka nchani. Ukibana nyuma kabisa inapinda, ukibana karibu na ncha huipati ikitokea upande wa pili. Iingie ngozini wima, digrii 90, takriban milimita 5 kutoka ukingoni, kisha zungusha kifundo cha mkono ifuate upinde wake. Anayesukuma moja kwa moja huchana ngozi. Kingo zikutane zikiwa zimeinuka kidogo. Zikiingia ndani, kidonda hakishiki vizuri.

Fundo: chukua kamba ya kiatu yenye rangi mbili, ifunge kwenye mguu wa kiti. Kila mzunguko uende kinyume cha uliotangulia na mikono ivute pande tofauti, fundo lilale bapa. Ukirudia upande ule ule, fundo linateleza, na ndani ya tumbo fundo lililoteleza ni mshipa unaomwaga damu. Uzi wa hariri mizunguko mitatu inatosha, nailoni zaidi, mitano hivi. Dakika kumi na tano kila siku zinashinda saa tatu za Jumapili.

Daktari_Pwani
Niongeze la kwetu pwani. Utaona mabusha. Wengi huyadharau kama operesheni ndogo, nami sikubaliani kabisa.

Kabla ya kisu, shika juu ya uvimbe. Vidole visipopita juu yake, fikiria ngiri, mwambie mgonjwa akohoe. Usitegemee tochi peke yake: busha la siku nyingi lina ukuta mnene na mwanga haupiti. Anayetoboa ngiri akidhani ni busha ametoboa utumbo.

Kwenye busha la matende mfuko wa maji unakatwa na kuachwa ukingo mwembamba tu, kwa kuwa ukibaki mwingi maji yanaweza kurudi. Sasa angalia ukingo ule. Mezani unaonekana mkavu, lakini ngozi ya pumbu ni legevu, haina cha kukandamiza mshipa unaovuja, na kufika asubuhi pumbu imejaa damu. Ndiyo maana mpasuaji mzuri hushona ukingo mzima kwa uzi wa kuyeyuka, mshono unaojifunga kila hatua, kisha anangoja na kukagua tena. Tazama anavyongoja.

Fundo_Mbili
Hapo kwenye kungoja nimekuelewa mkuu.

Logbuku_Kwanza
Njia ya ubingwa: shahada miaka 5, intani miezi 12, usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Kisha ama MMed (shahada ya uzamili ya udaktari) chuoni, mfano Muhimbili, KCMC au Bugando, ama COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa 1999, makao yake Arusha. Hicho hakina madarasa. Unafundishwa ukiwa kazini kwenye hospitali iliyoidhinishwa: miaka 2 ya uanachama, halafu ufelo, ngazi ya ubingwa kamili, na kwa upasuaji wa jumla yote inafika miaka 5. Uliza mapema juu ya ada na mshahara wa kipindi hicho, ndipo wengi wanapokwama.

Logbuku, daftari la kuandika kila operesheni, anza leo: tarehe, operesheni, nafasi yako (nimetazama, nimesaidia, nimefanya chini ya usimamizi), kilichoharibika. Jina la mgonjwa usiandike.

BintiChumbageni
Nashukuru sana wakubwa. Na suala la nguvu?

NesiWaThieta
Dada, meza inapanda na kushuka, iwe usawa wa viwiko vya anayepasua. Kama yeye ni mrefu, omba kijukwaa. Ritrakta, chombo cha kuvutia kingo za jeraha, haivutwi kwa misuli: shika kwa mkono ulionyooka, egemea nyuma kwa uzito wa mwili, usibadilishe pembe mpaka uambiwe. Kinachowasumbua wanawake zaidi ni kupewa glovu namba 7 na nusu. Ncha zinabaki tupu na kunaswa kwenye fundo. Jipime mapema, mara nyingi ni 6 au 6 na nusu, na uulize stoo kama zipo kabla ya siku ya orodha.