Naomba ushauri: tupandikize sikio lipi?

Habari za kazi wataalamu wenzangu. Nina mgonjwa wa miaka 58, usikivu wake umeshuka taratibu, na tunafikiria kumpandikizia kifaa cha koklea (kifaa cha upasuaji kinachosisimua neva ya usikivu moja kwa moja). Wastani wa sauti hafifu kabisa anayoisikia, kwenye hezi 500 hadi 4000 (kipimo cha wembamba wa sauti), ni desibeli 68 sikio la kulia na 95 la kushoto; namba kubwa ni usikivu mbaya zaidi. La kushoto halijavaa shimesikio (kifaa cha kukuza sauti) kwa takriban miaka 20. Picha ya MRI inaonyesha neva ya usikivu ipo pande zote na koklea (sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti) hazijaziba kwa mfupa.

Kabla ya kupima usemi, nilihakiki shimesikio kwa mrija mwembamba wa maikrofoni ndani ya sikio, maana wengi huonekana wanafaa kupandikizwa kumbe kifaa hakitoi sauti ya kutosha kwenye hezi za juu. Kisha sentensi zilizorekodiwa, desibeli 60, bila kuona midomo. Kulia alipata asilimia 62 penye utulivu. Usemi ulipozidi kelele kwa desibeli 10 tu, akashuka hadi 28. Kushoto ni 4. Simu hapokei tena, na watu wawili wakiongea kwa pamoja mezani anakata tamaa.

Kupandikiza kushoto kunalinda usikivu uliobaki kulia, ila sikio lililokaa kimya muda mrefu hivyo huweza kuchelewa sana kuelewa usemi. Kulia kuna matumaini zaidi, lakini likiharibika hana pa kuegemea.

Mngeanza na lipi? Na je, alama za kwenye kelele pekee mnaziona zinatosha kumpitisha, wakati za utulivu bado ziko juu ya 60?