Kruzi ya Idi Pili

Kikundi: UKOO WA BIBI, NGAMIANI 🌴
Idi tatu, saa 3:10 asubuhi

Salim (admini): Asalaam aleikum wana ukoo. Watu wa kruzi mmeamkaje? Jana mmetuma picha moja mnapanda boti, halafu kimya mpaka leo. Tunasubiri za kisiwani.

Mama Nasra: Waaleikum salaam. Za kisiwani hakuna.

Salim: Simu imeingia maji?

Mama Nasra: Kisiwa ndicho kimeingia maji.

Da Rukia: 😂😂😂 Ati?

Mama Nasra: Usicheke Da Rukia, wallahi nina hasira. Tumefika Maziwe tumekuta mchanga umebaki kama mkeka wa watu wawili. Vijana wa Dar wakashuka mbio kupiga picha. Mie nahangaika na viatu vya Nasra, huku Yusufu yuko mgongoni, nainua kichwa nahodha anapiga filimbi turudi botini. Haikupita muda, mchanga wote umefunikwa. Nasra kalishika kapu lake la kuokotea kombe, analia, "Mama, kisiwa kimekwenda wapi?" Nimjibu nini?

Nuru: Maskini Nasra 😢 Na kapu alilinunua kwa hela ya Idi.

Shangazi Mwanaidi: Poleni sana. Ila hiyo pesa mliyotoa, mbona hapo Raskazone mngeogelea mkarudi kula nyumbani?

Mama Nasra: Shangazi shikamoo. Wametutangazia "kruzi ya familia". Tukasema na watoto nao wafurahi, si kila Idi bembea za uwanjani.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba. Kruzi ndiyo nini?

Da Rukia: Safari ya meli ya starehe Shangazi. Mnakula, mnalala, mnaogelea humo humo.

Shangazi Mwanaidi: Kwenye boti ya Pangani?

Salim: 😂😂😂

Baba Nasra: Ngoja niwawekee tangazo lao msome wenyewe.

Baba Nasra: "KRUZI YA FAMILIA IDI PILI! Pangani hadi Kisiwa cha Maziwe. Kuondoka saa 2:00 kamili asubuhi. Kukaa kisiwani masaa 4. Chakula, muziki, michezo ya watoto, choo cha kisasa. Mkubwa 60,000, mtoto 30,000. WAHI NAFASI!!"

Da Rukia: Choo cha kisasa kikoje botini?

Mama Nasra: Ndoo ya rangi yenye mfuniko, imezungushiwa kitenge nyuma karibu na injini. Nasra kaketishwa, boti ikayumba, kitenge kikapeperuka. Mwanangu kajiona anatazamwa na boti nzima, kakataa kukojoa mpaka tumerudi Pangani. Ana miaka minne, kabana mkojo mchana kutwa.

Nuru: Uwiii

Da Rukia: Na michezo ya watoto?

Mama Nasra: Pulizo. Moja. Lilipasuka kabla hatujatoka mtoni.

Salim: Nacheka lakini naumia. Na muziki?

Baba Nasra: Singeli. Spika imeelekezwa kwetu. Nimeomba wapunguze kwa sababu ya mtoto mchanga, kijana kanijibu, "Bro, hii ni kruzi."

Abdul wa Melini: Asalaam aleikum jamani, Idi mubarak. Nimesoma yote nikiwa jikoni hapa, tumetia nanga bandari ya Barcelona tunapakia chakula. Dada pole. Lakini nikwambie, hata huku kwenye meli zenyewe, zenye ghorofa kumi na kitu, wazazi wa watoto wadogo ndio wanaongoza kulia pale mapokezi.

Mama Nasra: Wanalilia nini wakati kila kitu kipo?

Abdul wa Melini: Wanakuja wamejiandaa kupumzika. Wanakuta chumba cha watoto wanapokea kuanzia miaka 3, na asiwe wa nepi. Mdogo wake anabaki kwa mama. Bwawani mtoto wa nepi haruhusiwi, hata zile nepi za kuogelea kampuni nyingi hazikubali, maana akichafua maji bwawa linafungwa na kusafishwa. Kwa hiyo baba na mama wanapokezana: mmoja anaogelea na mkubwa, mwingine kakaa kwenye kajichumba kasiko na dirisha analaza mdogo saa nane mchana. Chini ya miezi 6 kampuni nyingi hawampandishi kabisa, na safari za kuvuka bahari kuu wanataka awe ametimiza mwaka.

Da Rukia: Kumbe! Mie nilidhani ni kula pweza na kuvaa miwani.

Abdul wa Melini: Wanaokula na miwani ni wazee waliokwisha kulea. Narudi kazini, nitawasoma jioni.

Mariamu Nesi: Mama Nasra, watoto walitapika?

Mama Nasra: Nasra, mara nyingi. Yusufu wala, kalala kama yuko kwao.

Mariamu Nesi: Ndivyo ilivyo. Wa chini ya miaka miwili mara nyingi bahari haiwasumbui, wanaanza kuchafukwa wakikua kidogo. Naomba tu niseme hili maana kuna mtu kaniuliza pembeni: zile dawa za safari, prometazini, mtoto wa chini ya miaka miwili HAPEWI. Inaweza kumzuia kupumua. Mkubwa naye umuulize mtaalamu kwanza, si muuza duka.

Shangazi Mwanaidi: Sie tulikuwa tunalamba ndimu na chumvi.

Mariamu Nesi: Ndimu haina neno Shangazi.

Nuru: Bibi kaniambia nimsomee yote. Anauliza Mjomba Kombo yuko wapi, mbona mambo ya bahari yanasemwa na yeye kanyamaza.

Mjomba Kombo: Nipo. Nawasoma. Mama Nasra, boti iliondoka saa ngapi?

Mama Nasra: Shikamoo Mjomba. Sisi tulifika saa mbili kasoro, tumetoka Tanga alfajiri. Wakasema wanasubiri wageni wa Dar. Wageni wakaja saa nne na nusu. Ikawa wanasubiri mafuta. Mafuta yakaja, ikawa pilau haijaiva. Tumeng'oa nanga saa saba imepita. Muda wote huo tuko pale kando ya mto juani, watoto wanakimbiza kaa kwenye tope. Sema kweli hapo ndipo Nasra alifurahi, wale kaa wadogo wenye gando moja kubwa.

Mjomba Kombo: Marahaba. Saa saba. Na jana mwezi ngapi?

Mama Nasra: Mwezi wa tatu Mjomba.

Mjomba Kombo: Sikuulizi wa kizungu. Mwezi wa mbinguni.

Salim: Idi pili, mwezi pili Shawali 😅

Mjomba Kombo: Haya, nisikilizeni, naandika polepole. Idi ya mfungo mosi siku zote huangukia bamvua, yaani siku maji yapwa sana na kujaa sana. Haiwezi kukwepa, maana Idi yafuata mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo ndio unaoleta bamvua, kama vile mwezi mpevu. Kwetu hapa, kuanzia Pangani mpaka Tanga, maji ya bamvua hupwa saa nne hivi asubuhi na kujaa saa kumi, kumi na nusu jioni. Kila siku husogea mbele kiasi cha dakika 50. Ndivyo nilivyoyakuta kwa baba yangu.

Mjomba Kombo: Hiyo boti ingeondoka saa mbili, mngefika Maziwe saa tatu maji yakiwa yanatoka. Mngekuta mchanga mpana, watoto wakimbie mpaka wachoke, na mkae mpaka saa saba bila wasiwasi. Kuondoka saa saba kwenda Maziwe siku ya bamvua ni kwenda kutazama maji. Tena bamvua la mwezi wa tatu ni katika yale makubwa ya mwaka, maji yapanda zaidi ya mita 3 toka kupwa mpaka kujaa.

Da Rukia: Kwa hiyo nahodha alijua?

Mjomba Kombo: Nahodha wa Pangani asijue Maziwe? Alijua toka saa nne, maji yalipoanza kurudi na yeye yuko gatini. Lakini tiketi hakuuza yeye.

Nuru: Mjomba, ni kweli zamani kulikuwa na miti? Mwalimu alitusimulia.

Mjomba Kombo: Mivinje. Mie nimeiona kwa macho yangu, nikiwa kijana tukilaza ngarawa pale na kupika. Serikali ilikitenga kisiwa mwaka 1975 kwa ajili ya matumbawe na kasa. Miti ikawa yaanguka mmoja mmoja, bahari yala mchanga, kuingia miaka ya 80 hakuna mti. Tangu hapo ni fungu la mchanga tu. Hata kasa wakitaga pale, mayai huhamishiwa Ushongo yasije yakaoza kwa maji.

Mama Nasra: Mjomba, ungetwambia haya kabla.

Mjomba Kombo: Mngeniambia mwaenda. Nimeona picha mko botini.

Salim: 🙊

Mjomba Kombo: Na hiyo picha ndiyo iliyonikera kuliko kisiwa. Nasra kavaa nini pale?

Baba Nasra: Laifu jaketi Mjomba.

Mjomba Kombo: La nani?

Baba Nasra: La mkubwa. Za watoto walisema zimeisha.

Mjomba Kombo: Limemfika magotini. Mtoto akianguka na jaketi la mkubwa, jaketi laelea peke yake na mtoto achomoka kwa chini. Hamna la mtoto, mtoto hapandi. Hapo sina mzaha.

Baba Nasra: Nimekuelewa Mjomba.

Shangazi Mwanaidi: Ya Rabi. Alhamdulillahi mmerudi.

Da Rukia: Mie nawaandikia hao watu sasa hivi. Nitawaambia pilau bovu, choo bovu, makelele, kila kitu.

Mjomba Kombo: Usiandike hivyo Rukia. Ukitaja pilau watakwambia wengine walilipenda. Ukitaja muziki watasema vijana walicheza. Mtabishana mpaka Idi kubwa. Wamewauzia "saa 2:00 kamili" na "kukaa kisiwani masaa 4". Mlikaa kisiwani kiasi gani?

Baba Nasra: Nusu saa haikufika.

Mjomba Kombo: Daini saa. Ile tiketi si ya boti, ni ya maji kupwa. Saa ikipita hakuna walichowauzia. Kisha muwaulize habari ya majaketi ya watoto, na muwaambie mwajua kwamba TASAC, wale wa serikali wanaosimamia usafiri wa majini, ndio wanaokagua vyombo vidogo. Basi. Maneno machache, bila matusi.

Baba Nasra: Naandika.

Saa 5:40

Baba Nasra: Wamejibu. "Poleni wateja wetu wapendwa. Kuchelewa kulitokana na wageni wetu kutoka Dar. Suala la maji kujaa ni kazi ya Mungu, lipo nje ya uwezo wetu."

Shangazi Mwanaidi: Hee! Wamsingizia Mungu siku ya Idi!

Mjomba Kombo: Wajibu hivi: Mungu kayapangia maji saa zake, na nyie mliandika saa zenu kwenye tangazo. Aliyeshika zake ni nani?

Salim: Mjomba ungekuwa wakili 🔥

Baba Nasra: Nimetuma. Nimeweka na picha ya Nasra na jaketi.

Saa 6:15

Baba Nasra: Wamepiga simu, bosi mwenyewe. Sauti imekuwa ya adabu sana baada ya ile picha. Anatupa chaguo mbili: nusu ya nauli leo hii kwa simu, au safari nyingine ya bure tutakapotaka.

Salim: Chukueni safari! Mara hii Mjomba awapangie siku.

Mama Nasra: Hela.

Baba Nasra: Mie naona safari si mbaya. Tukienda na jaketi letu, tukaondoka mapema…

Mama Nasra: Baba Nasra, hela. Wewe hukushika ndoo.

Da Rukia: 😂😂😂 Limekwisha hilo.

Mjomba Kombo: Hela. Safari ya bure nayo itasubiri wageni wa Dar. Mkitaka Maziwe kweli, nitaongea na mwanangu Ushongo, ana boti ndogo na majaketi ya watoto anayo. Twachagua siku maji yapwa asubuhi, twaondoka kumi na mbili na nusu, saa nne na nusu jua halijawa kali tuko njiani kurudi. Na Nasra asile maandazi ya mafuta kabla.

Nuru: Bibi anasema na yeye aenda.

Mama Nasra: Bibi na magoti yale?

Nuru: Anasema alikuwa anapanda jahazi kwenda Pemba kabla hujazaliwa, usimfundishe.

Shangazi Mwanaidi: Bibi akienda naenda. Lakini chakula nitabeba mwenyewe.

Mariamu Nesi: Na Yusufu avishwe mikono mirefu na kofia. Akiwa hajatimiza miezi 6 simshauri mtu ampeleke juani kwa starehe, hata kama anakaa kimya.

Mama Nasra: Yusufu atabaki na baba yake, waangalie mpira.

Baba Nasra: Sina kinyongo.

Saa 8:02

Baba Nasra: Hela imeingia. 90,000.

Da Rukia: Si nyie wakubwa wawili na Nasra? Jumla 150,000, nusu yake 75,000. Hiyo nyingine?

Baba Nasra: Ameongeza 15,000, kasema ni ya mtoto, zawadi ya Idi.

Salim: Picha ya jaketi imefanya kazi.

Mjomba Kombo: Mpelekee ujumbe umshukuru. Kisha umuulize tena majaketi ya watoto atanunua lini. Idi kubwa i karibu.

Baba Nasra: Sawa Mjomba.

Shangazi Mwanaidi: Na deli langu la barafu mlilobeba jana liko wapi? Kesho nina biashara.

Mama Nasra: Lipo kwangu Shangazi, nimelisafisha kwa sabuni. Nasra alilitapikia.

Shangazi Mwanaidi: Lisafishe tena.