Kaktasi ndefu inaoza shinani: nikate wapi ili niokoe sehemu ya juu?

MamaVyungu (Dar es Salaam):
Wakuu, habari za leo. Nina kaktasi ya nguzo yenye mbavu, ile ya kijani inayoelekea bluu. Urefu ni kama mita 1 na sentimita 20, unene kama sentimita 9. Iko kibarazani kwenye chungu cha plastiki, udongo ni mweusi wa bustani uliochanganywa na samadi. Tangu mvua za masika zianze, pale shina linapogusana na udongo pamegeuka kahawia, na upande mmoja ukibonyeza kidole kinaingia. Juu bado ni kijani na imekakamaa. Fundi bustani mmoja ameniambia nimwage dawa ya ukungu kwenye udongo halafu nisubiri, mwingine anasema nikate. Kama ni kukata, nikate wapi, kipande cha juu nikifanyeje, na maji nianze kumwagilia lini?

Kaskazi_Bustani:
Kabla hujashika kisu, hakikisha mambo mawili.

Rangi ya kahawia peke yake si ugonjwa. Kaktasi ya nguzo ikizeeka huvaa gamba kavu na gumu linaloanzia chini na kupanda taratibu. Chukua kijiti cha meno uchome: kwenye gamba kinagoma, kwenye uozo kinazama na kutoka kimelowa. Wewe kidole kimeingia, kwa hiyo hapo hakuna ubishi, ni uozo.

Pili, hakikisha ni kaktasi kweli. Mimea mingi inayouzwa kwa jina hilo kwenye vitalu vya barabarani ni ya jamii ya mnyaa. Kaktasi karibu zote asili yake ni bara la Amerika. Zile nguzo kubwa unazoziona zimejiotea porini huku kwetu ni ndugu wa mnyaa. Ichome kidogo. Ikitoa maziwa meupe, si kaktasi. Hiyo nayo huokolewa kwa kukatwa, ila maziwa yake yakiingia machoni ni hatari kubwa: vaa miwani na glavu, na nyunyizia jeraha maji mpaka maziwa yakatike ndipo uanze kukausha.

MamaVyungu:
Asante mkuu. Haina maziwa, ni ute unaoteleza tu. Na miiba inatoka kwa mafungu kwenye vidoti vyenye manyoya.

MzeeWaMiiba:
Basi ni kaktasi. Dada, kata leo, usisubiri wikiendi. Dawa za ukungu kama kopa (shaba) na mankozebu hubaki juu ya ngozi, haziingii ndani ya nyama, na nyama iliyokwisha kuoza hairudi kuwa nzima. Tena kumwaga dawa kwenye udongo ule ni kuongeza maji mahali ambapo maji ndiyo yaliyoleta balaa. Mizizi ya kaktasi inahitaji hewa. Udongo mweusi wenye samadi ukilowa kwa siku kadhaa mfululizo hewa inakwisha, mizizi inakufa, na vimelea kama Fusarium na Phytophthora vinaingia kupitia mizizi hiyo na kupanda shinani.

Vifaa: kisu kirefu chembamba kinachokata vizuri (cha mkate kinafaa kwa unene huo), spiriti na kitambaa safi, gazeti lililokunjwa mara nyingi kuwa mkanda wa kushikia nguzo, glavu nene, na kalamu ya wino usiofutika. Kwanza chora mshale kwenye ngozi, ukielekea juu, kila baada ya sentimita 20. Utaona faida yake baadaye. Watu wawe wawili, mmoja ashike juu kwa mkanda wa gazeti, maana nguzo ya urefu huo ni nzito na ikidondoka inapasuka.

Usikate pale kahawia inapoishia. Anza sentimita 5 juu ya mahali pa mwisho palipolainika, kisha utazame uso wa jeraha kwa makini kwenye mwanga wa mchana. Utaona nyama ya nje yenye kijani hafifu, katikati moyo mweupe, na baina yao pete ya nyuzi. Pete hiyo ndiyo ya kuichunguza. Uozo hupanda haraka zaidi ndani ya pete kuliko kwenye nyama, kwa hiyo nyama inaweza kuonekana safi kabisa huku kwenye pete kuna vidoti vya rangi ya kutu au ya chungwa. Kidoti kimoja tu kinatosha: kata kipande kingine cha sentimita 1 au 2, tazama tena. Kila baada ya mkato futa kisu kwa spiriti mpaka kwenye mpini, la sivyo wewe mwenyewe unaupandikiza ugonjwa kwenye nyama safi. Uso ukiwa wa rangi moja, bila doa hata moja kwenye pete, kata tena sentimita 2 kwa usalama. Hapo ndipo watu wengi wanapouonea mmea huruma, wanaacha sentimita chache za mashaka, na baada ya wiki mbili wanakata tena wakiwa wamepoteza nusu nzima.

Ukimaliza, chonga ukingo wa jeraha pande zote kwa mshazari, kama unavyochonga penseli butu, upana wa sentimita 1 hivi. Sababu yake ni hii: jeraha likikauka nyama inasinyaa kuelekea ndani, ngozi ngumu ya nje haisinyai, unabaki na shimo linalotuama maji. Pia mizizi mipya hutokea zaidi kwenye pete ile ile, na pete ikiwa ndiyo sehemu iliyotokeza chini, mizizi inaingia kwenye udongo moja kwa moja.

Korosho_Lindi:
Mzee shikamoo. Naongeza la kupaka. Nenda duka la pembejeo uombe salfa ya unga, ile ile inayopulizwa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriunga. Huhitaji zaidi ya vijiko viwili vya chai. Paka jeraha likiwa bado bichi, utando mwembamba tu, kisha kung'uta unga uliozidi. Vaa barakoa, unga wake unawasha macho na kifua. Ukikosa salfa, mdalasini wa unga usio na sukari unasaidia kukausha ingawa nguvu yake ni ndogo. Asali usipake, ni chakula cha ukungu. Majivu nayo achana nayo. Unga wa homoni ya mizizi si lazima, kaktasi hizi zinatoa mizizi zenyewe.

MamaVyungu:
Nimekata. Harufu ya chini ilikuwa ya samaki aliyechacha. Nimekata kipande kwa kipande kwenda juu mpaka sentimita 30 kutoka kwenye udongo, uso sasa ni safi ila kwenye pete kuna vidoti vitatu vidogo vya chungwa upande mmoja, vidogo kuliko kichwa cha pini. Nyama ni ngumu na kavu. Je, salfa itavimaliza?

MzeeWaMiiba:
Marahaba Korosho.
Dada, salfa haitavimaliza, viko ndani ya nyuzi na salfa inabaki juu. Endelea kukata. Harufu mbaya inaonyesha bakteria nao walishaingia kwenye ile sehemu laini. Vidoti vya chungwa ni dalili ya Fusarium. Ni mambo mawili tofauti: bakteria anayeyusha nyama kwa siku chache na unamwona, Fusarium anapita kimya kimya kwenye pete na haonekani nje. Badilisha kisu au kichemshe kabla ya mkato unaofuata.

Vidoti vikiendelea hadi karibu na kileleni, nguzo hiyo haipandikiki. Linalobaki hapo ni kuchukua ncha ya sentimita 5 hadi 8 iliyo safi na kuiunganisha juu ya shina zima la kaktasi nyingine, kwa mfano mmea wa tunda la joka. Pete za mimea hiyo miwili zigusane angalau sehemu moja, ufunge kwa raba bendi, usiiguse kwa wiki mbili.

MamaVyungu:
Sentimita 6 zaidi vimepotea, nikaongeza 2. Nimebaki na kipande kizima cha sentimita 82. Ukingo nimechonga, salfa nimepaka.

Kaskazi_Bustani:
Hongera, hapo umevuka pagumu. Sasa ushauri wangu, kigawe mara mbili: ncha ya sentimita 40 na kipande cha kati cha 42. Kipande kifupi kinasimama imara bila kutikisika, na mizizi michanga hukatika nguzo ikitikisika. Halafu kimoja kikiharibika unacho kingine. Cha kati hakitarefuka tena kwa juu, kitatoa matawi pembeni. Ule mkato wake wa juu ukate kwa mteremko ili maji ya mvua yasituame, nao upake salfa. Mishale ya Mzee ndiyo itakayokuambia chini ni wapi, maana kipande cha kati ukikipanda kichwa chini hakiendi mahali.

Kukausha: visimamishe wima ndani ya ndoo tupu au chungu kitupu, jeraha lipate hewa chini, uviegeshe. Usivilaze kwa wiki nyingi, vitapinda kufuata mwanga na vinaweza kuanza kutoa mizizi ubavuni. Viwe kivulini penye mwanga na upepo. Kwa unene wa sentimita 9 hesabu wiki 3, na kwa unyevu wa Dar wakati wa masika inaweza kufika 4. Feni ndogo ikipuliza chini saa chache kwa siku inasaidia sana. Jeraha liwe kavu na gumu, ukiligonga kwa ukucha lilie. Likiota ukungu wa kijivu, kwangua, paka salfa upya, ongeza upepo. Likigeuka jeusi na kulowa, kata tena.

Mbavu zitasinyaa na rangi itafifia kidogo. Huo si ugonjwa, inatumia maji yake yenyewe.

Naivasha_Pumisi (Kenya):
Kuhusu mchanganyiko wa kuotesha. Huku Bonde la Ufa tunatumia pumisi, mawe mepesi ya volkano, kwa sababu yanashika unyevu kidogo na bado yana hewa. Dar ukiyakosa, ponda matofali ya kuchoma, chekecha, chukua punje za milimita 3 hadi 6, vumbi lote utupe. Changanya sehemu 3 za punje hizo na sehemu 1 ya mchanga mzito wa mto uliooshwa. Mchanga wa pwani hapana, una chumvi. Samadi, mboji na mbolea hapana, mpaka mmea uwe umeshaanza kukua. Chungu kiwe cha udongo wa kuchoma, chenye tundu, kipana kuliko shina kwa sentimita 4 au 5 tu. Chungu kikubwa kinabaki kimelowa katikati.

Chomeka sentimita 3, zisizidi. Usimamo upate kwa vijiti vitatu vya mianzi na kamba laini, usipate kwa kuzika shina. Ukizika sentimita 15 unarudi kule kule ulikotoka.

Na kwa wasomaji wa Nairobi, Limuru, Iringa na Mbeya: uozo ukitokea mwezi Juni au Julai, kata mara moja lakini usiharakishe kupanda. Mizizi inataka udongo wenye joto, nyuzi 22 hadi 30 hivi. Kipande kilichokauka vizuri kinakaa kikavu miezi miwili mitatu bila kufa, kikisubiri joto lirudi.

MamaVyungu:
Na maji? Maana kila mtu ananiambia lake.

Naivasha_Pumisi:
Kavu kabisa kwa wiki 2 za mwanzo baada ya kuchomeka. Kisha nyunyizia ukingoni mwa chungu, kikombe cha chai kimoja, siku yenye jua, na usirudie mpaka chungu kikauke hadi chini. Unyevu huo kidogo unaiita mizizi.

MzeeWaMiiba:
Hapo natofautiana na mwenzangu kidogo. Kwa hali ya hewa ya Naivasha sawa, kwa Dar ya masika hewa peke yake ina unyevu wa kutosha. Mimi ningesema asimwagilie hata tone mpaka mizizi ionekane. Jeraha lisilo na mizizi halinywi maji ya maana, linalowa tu, na nguzo ya sentimita 40 imebeba maji ya kuitosha miezi. Mchanganyiko huo ni wa punje tupu, kwa hiyo baada ya wiki 4 unaweza kuiinua taratibu ukatazama, hutaharibu kitu. Ukiona vijizizi vyeupe vya sentimita 1 au 2, rudisha na mwagilia kidogo.

Naivasha_Pumisi:
Kwa masika ya pwani nakubaliana na Mzee. Kikombe changu ni cha kipindi cha kiangazi.

Kaskazi_Bustani:
Jua nalo msilisahau. Kipande kisicho na mizizi kikipigwa jua la saa 7 mchana kinaungua na kubaki na doa jeupe la kudumu. Kiwe kivulini mpaka mizizi ishike, kisha jua la asubuhi, saa moja zaidi kila siku mbili tatu. Ncha ikianza kutoa miiba mipya na kijani kipya, ndipo uhamishie kwenye mchanganyiko wa kudumu: punje sehemu 7, mboji iliyokomaa sehemu 3. Kisahani chini ya chungu ondoa kabisa wakati wa mvua.

Korosho_Lindi:
Mabaki yaliyooza na ule udongo usivitie kwenye lundo la mboji. Funga kwenye mfuko, tupa. Chungu cha plastiki sugua kwa sabuni, kiloweke kwenye maji yenye jiki, sehemu 1 kwa 9, nusu saa, kikaushe juani. Na ukikuta kwenye mizizi ya zamani vitu vyeupe kama pamba, hivyo ni wadudu waitwao vidung'ata. Basi kagua vyungu vya jirani yake vyote, maana wanahama kupitia matundu ya chini.